Je, Waranti ya Gari Humfuata Mnunuzi wa Pili? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sehemu kubwa ya maswali haya imetoka kwa Waswahili walioko Marekani. Mtu ameingia, amepata kazi, hawezi kufika kazini bila gari, na gari analolimudu ni la miaka miwili au mitatu ambalo mwingine amekwisha kulitumia. Muuzaji anamwambia, "Bado lina waranti." Wakati mwingine ni kweli tupu, wakati mwingine ni kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inayomgharimu mtu injini. Maswali ya walioko Uingereza, ya wanaoagiza kutoka Japani na ya wanaotaka kupeleka gari nyumbani yako mbele zaidi.

Nikinunua gari lililotumika, waranti ya kiwanda inakuja nalo?

Mara nyingi, ndiyo. Waranti ya kiwanda hufungwa kwenye namba ya chasisi, haifungwi kwenye jina la mtu. Toyota na Honda kwa Marekani hutoa miaka 3 au maili 36,000 kwa gari karibu zima, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini, giaboksi na mfumo unaozungusha magurudumu. Mwenye gari akiuza, siku au maili zilizobaki zinahamia kwa mnunuzi zenyewe. Hakuna fomu, hakuna ada, na huhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Kumbuka lile neno "au". Kati ya miaka na maili, kinachotimia kwanza ndicho kinachofunga mlango. Gari la mwaka mmoja lililokwisha kukimbia maili 40,000 halina tena ile waranti ya miaka 3.

Muda unaanza kuhesabiwa siku niliyonunua mimi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Saa ilianza kuhesabu siku gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza kabisa, au siku wakala alipoanza kulitumia kama gari la maonyesho au la ofisi. Mwaka ulioandikwa kwenye tangazo ni mwaka wa toleo, nao hausemi gari lilianza kutumika lini. Toleo la 2022 linaweza kuwa lilitoka dukani mwaka 2021, au likakaa yadi likauzwa 2023. Tofauti ya miezi kumi na minane kwenye waranti ya miezi thelathini na sita si jambo dogo.

Kuijua tarehe hiyo ni rahisi. Chukua namba ya chasisi (tarakimu na herufi 17, zinasomeka chini ya kioo cha mbele upande wa dereva), nenda au piga simu kitengo cha sevisi cha wakala yeyote wa chapa hiyo, uwaulize gari lilianza kutumika tarehe ngapi na waranti zipi bado ziko hai. Wanaona kwenye kompyuta yao. Wakala akikwambia kwa mdomo, mwombe akuandikie kwa barua pepe.

Nimesikia Hyundai na Kia wana waranti ya miaka 10. Nikinunua Hyundai ya miaka minne, nimebakiwa na sita?

Hapana. Hili ndilo swali la kusoma polepole kuliko yote hapa.

Hyundai ilianzisha Marekani waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati watu wengi hawakuwa na imani na magari yake. Kia inayo pia, na Mitsubishi imewahi kuitoa. Lakini ahadi hiyo ya miaka 10 ni ya mmiliki wa kwanza. Gari likishauzwa, mnunuzi wa pili kwa upande wa injini na giaboksi anarudishwa kwenye miaka 5 au maili 60,000, na miaka hiyo mitano inahesabiwa tangu gari lilipokuwa jipya.

Chukua mfano. Sonata imetoka dukani Machi 2021. Unainunua Juni 2024 ikiwa na maili 48,000. Kwa mwenyewe wa kwanza, injini ingelindwa hadi Machi 2031 au maili 100,000. Kwako wewe, mwisho ni Machi 2026 au maili 60,000. Ukiendesha maili 1,000 kwa mwezi, ambayo kwa Marekani ni kawaida kabisa, Juni 2025 umemaliza. Aliyekuuzia amekuwa na miaka karibu saba na maili 52,000 mkononi, wewe umepata mwaka mmoja. Gari halikubadilika hata skrubu moja.

Kwa hiyo mtu akitangaza "waranti ya miaka 10" kwenye gari la Kikorea analouza mwenyewe mtaani, huenda hadanganyi kwa makusudi, maana yeye kweli anayo. Ila hawezi kukupa. Bei unayokubali ilipwe kwa gari la maili 12,000 za ulinzi, isilipwe kwa gari la maili 52,000.

Na kama gari linatoka kwa mume, mke au mzazi?

Baadhi ya vijitabu vya waranti humhesabu mume, mke au mtoto wa mwenye gari kana kwamba umiliki haujabadilika. Vingine havisemi hivyo. Soma kijitabu cha mwaka wa gari lenyewe kabla hamjaenda kubadilisha hati, kwa sababu ukishabadilisha hakuna kurudi nyuma. Binamu, shemeji na rafiki wa kanisani au msikitini hawamo popote.

Hakuna njia ya kuipata ile miaka 10?

Ipo. Hyundai na Kia wanapochukua gari lililotumika, wakalikagua na kuliuza kupitia mawakala wao kama gari lililothibitishwa na kiwanda, waranti ya injini hurudishwa kwenye miaka 10 au maili 100,000, ikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya gari. Toyota nayo hufanya hivyo kwa kiwango chake: miaka 7 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi tangu siku ya kwanza, pamoja na miezi 12 au maili 12,000 za gari karibu zima. Utalipa zaidi kuliko kwa mtu wa mtaani. Kwa familia ambayo gari likifa ndiyo kazi imekufa, mimi naona nyongeza hiyo inafaa kulipwa. Lakini uthibitisho uwe wa kiwanda. Yadi ya kona inayoandika "gari limethibitishwa" kwa kalamu yake imejithibitishia yenyewe.

Njia ya pili ni nyembamba, ila imewaokoa watu. Injini za Hyundai na Kia za aina ya Theta II zilikuwa na ubovu wa beringi za ndani, injini ikagonga na kukwama, na baadhi ya magari yakashika moto. Kesi iliyofunguliwa na wenye magari iliishia kwenye makubaliano: magari mengi ya miaka ya toleo 2011 hadi 2019, Sonata na Optima zikiwemo, yalipewa waranti ya maisha kwa ubovu huo mahsusi, na hiyo inawafikia hata wamiliki wa baadaye. Sharti mojawapo ni gari liwe limewekewa programu ya kusikiliza kama injini inagonga, ambayo wakala huiweka bure. Kama unalo gari la namna hii na hujui kama liliwekewa, uliza wiki hii. Usisubiri mpaka lianze kugonga.

Yadi imebandika karatasi dirishani inayosema gari linauzwa kama lilivyo. Waranti ya kiwanda imekufa?

La. Tangu 1985, Tume ya Biashara ya Marekani inawataka wauzaji wa magari yaliyotumika kubandika karatasi hiyo kwenye kila gari. Kisanduku cha "kama lilivyo" maana yake ni kwamba yadi yenyewe haikupi ahadi yoyote. Ahadi ya kiwanda, kama muda wake haujaisha, inabaki palepale. Mwaka 2016 karatasi ilifanyiwa marekebisho ikaongezwa kisanduku cha kuonyesha kwamba waranti ya mtengenezaji bado ipo. Geuza karatasi, isome pande zote mbili, na uondoke nayo; ni sehemu ya mkataba, na ikipingana na mkataba, karatasi ndiyo inayoshinda.

Sheria inataka karatasi iwe ya Kihispania kama mauzo yamefanyika kwa Kihispania. Ya Kiswahili haipo. Kama Kiingereza chako bado kinakupa shida, nenda na mtu anayekisoma vizuri, na asiwe yule muuzaji aliyejitolea kukutafsiria.

Baadhi ya majimbo hayakubali yadi ijitoe kabisa. Massachusetts, kwa mfano, inailazimisha yadi kutoa waranti yake: siku 90 au maili 3,750 kwa gari lililo chini ya maili 40,000, na ulinzi unapungua kadiri maili zinavyopanda hadi 125,000.

Kuna sehemu ya waranti ambayo mtengenezaji hawezi kuninyima eti mimi si wa kwanza?

Ipo, na watu wengi hawaijui. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inamtaka mtengenezaji awajibike kwa mfumo wa moshi kwa mnunuzi wa kwanza na kila anayemfuata. Vifaa vikuu, yaani katalaiza ya ekzosi (kifaa kinachosafisha moshi), kompyuta ya injini inayosimamia moshi na mfumo wa kujipima unaowasha taa ya injini, vina miaka 8 au maili 80,000. Katalaiza si kifaa cha bei ndogo. Gari likiwa na miaka sita na maili 70,000, fundi wa mtaani akikwambia katalaiza imekufa, kabla hujamlipa nenda kwa wakala.

Wito wa kiwanda wa kurekebisha kasoro ya usalama ni jambo jingine kabisa, haumo kwenye waranti. Matengenezo hayo ni bure kwa yeyote anayelimiliki gari, hadi miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza. Weka namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, itakuonyesha kama kuna kazi ambayo haijafanyika.

Mwenye gari wa kwanza alikuwa akifanya sevisi gereji ya kawaida. Waranti imeharibika?

Haijaharibika. Sheria ya waranti ya Marekani, iitwayo Magnuson-Moss, ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kushurutisha sevisi ifanywe kwa wakala wake au kwa spea za jina lake, isipokuwa kama anavitoa bure. Kubadilishia oili gereji ya jirani ni haki yako.

Tatizo huja kwenye ushahidi. Injini ikifa, wakala anafungua kifuniko, anakuta tope la oili iliyoungua, anauliza: oili ilibadilishwa lini? Wewe una risiti za miezi yako minane. Za miaka mitatu kabla yako ziko wapi? Maombi mengi ya waranti ya injini hufia hapo. Ndiyo maana risiti za mwenye gari wa kwanza zina thamani ya pesa. Ukiwa na magari mawili yanayofanana mbele yako, moja lina bahasha ya risiti na lingine ni dola 300 chini, chukua lenye bahasha.

Naendesha Uber. Waranti inanihusu?

Soma sehemu ya matumizi ya biashara kabla hujanunua. Hyundai, kwa mfano, huyaondoa kwenye ile waranti ya miaka 10 magari ya teksi, ya kukodisha na ya kusambaza mizigo. Linalouma zaidi ni historia: gari ulilonunua linaweza kuwa lilikuwa la kampuni ya kukodisha, wewe unalitumia kwenda kazini tu, na bado ukakuta limewekewa masharti ya biashara. Ripoti ya historia ya gari kwa kawaida huonyesha kama liliwahi kusajiliwa kwa kampuni ya namna hiyo.

Mambo gani yanaiua waranti moja kwa moja?

Hati ya umiliki iliyoandikwa kwamba gari liliharibika na bima ikalifuta. Mita ya maili iliyochezewa, hata kama aliyeichezea ni mtu wa kabla yako. Mafuriko. Injini iliyobadilishwa programu ili iongeze nguvu, kama ubovu umetokana na hilo. Gari la bei ya kutupa lililotoka mnada wa bima lisikupe ndoto za waranti, hata likiwa la mwaka jana.

Waranti imehamia kwangu lakini gari linarudi gereji kila mwezi. Naweza kudai lirudishwe kiwandani?

Hapo inategemea jimbo, na California imetoa jibu gumu. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua tarehe 31 Oktoba 2024, katika kesi dhidi ya FCA US, kampuni inayotengeneza Dodge, kwamba gari lililotumika haliwi "gari jipya" kwa sababu tu lina mabaki ya waranti ya kiwanda. Gari la kesi hiyo lilikuwa Dodge Ram ya miaka miwili, iliyobakiza waranti ya injini. Kwa uamuzi huo, mnunuzi wa pili anabaki na haki ya kutengenezewa chini ya waranti, ila haki ya kumlazimisha mtengenezaji alinunue tena au atoe jingine haimfikii, labda waranti mpya iwe ilitolewa wakati wa mauzo hayo. Kwa maoni yangu uamuzi huu unawaangukia zaidi wenye kipato kidogo, kwa sababu wao ndio wanaonunua magari ya mtu wa pili. Ila ndiyo sheria, na ni bora uijue kabla ya kutia sahihi.

Waranti ya nyongeza aliyonunua mwenye gari wa kwanza je?

Hiyo ni mkataba wa matengenezo, na una masharti yake. Mingi inahamishika mara moja tu, kati ya mtu na mtu, kwa fomu na ada, ndani ya siku chache tangu mauzo. Ukichelewa, umepoteza. Isipohamishika, muuzaji anaweza kuuvunja na kurudishiwa fedha za muda uliobaki, kwa hiyo mwambie apunguze bei au auhamishe.

Wale wanaokupigia simu kwamba waranti ya gari lako inakaribia kuisha, kata simu. Julai 2022 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliyaamuru makampuni ya simu yazuie wimbi la simu hizo baada ya kubaini ni utapeli. Kiwanda hakikupigii simu kuuliza namba ya kadi yako ya benki.

Magari ya umeme na ya haibridi?

Betri ndiyo ghali, na habari ni njema. Toyota inatoa miaka 10 au maili 150,000 kwa betri za haibridi tangu toleo la 2020, na inahamia kwa mmiliki mpya. Tesla inatoa miaka 8 kwa betri na mota, maili zikiwa kati ya 100,000 na 150,000 kulingana na gari, nayo pia inahamia.

Niko Uingereza. Ni yale yale?

Kwa mnunuzi wa pili, Uingereza ni afadhali. Kia ile ile inayomnyima Mmarekani wa pili miaka 10, Uingereza inatoa miaka 7 au maili 100,000, na inahamia yote kwa mmiliki mpya. Toyota ina mpango ambao kila sevisi kwa wakala wake inaongeza miezi 12 au maili 10,000 za waranti, hadi gari litimize miaka 10 au maili 100,000, bila kujali liko kwa mmiliki wa ngapi. Ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro na kurudishiwa fedha.

Nimeagiza gari kutoka Japani hadi Mombasa au Dar. Waranti ya Toyota inakuja nalo?

Haiji. Waranti ya Japani ni ya Japani: kwa kawaida miaka 3 au kilomita 60,000 kwa gari, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa injini na vinavyoizunguka. Hata Mjapani akinunua kwa Mjapani mwenzake, lazima gari lipelekwe kwa wakala likaguliwe na daftari la waranti ligongwe muhuri kwa jina jipya. Likishapakiwa melini, limekwisha. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na kwa kuwa wengi huagiza ya miaka sita au saba, muda wa waranti umepita hata kabla ya safari.

Yadi ya Nairobi au Dar ikikwambia inakupa miezi mitatu au sita ya injini, hiyo ni ahadi ya yadi. Inaweza kuwa ahadi ya kweli. Iandikwe: vitu gani vimo, fundi nani atatengeneza, spea nani ananunua, na sahihi ya mwenye yadi, si ya kijana wa mauzo.

Na gari lililonunuliwa jipya Kenya au Tanzania, likauzwa?

Angalia kijitabu cha waranti na daftari la sevisi. Huku mawakala ni wakali zaidi kuhusu sevisi, na daftari lenye mihuri iliyoruka ndilo la kwanza kushikwa likitokea tatizo. Kabla ya kubadilisha kadi ya gari au logibuku, nenda na muuzaji kwa wakala aliyeliuza, waombe wakuandikie kilichobaki na kama kinahamia kwako.

Nataka kupeleka gari langu kutoka Marekani au Ghuba nyumbani.

Hesabu kwamba waranti unaiacha bandarini. Kwa Kenya na Tanzania kuna pia suala la usukani, maana wa magari hayo uko kushoto, kwa hiyo wanaouliza hili mara nyingi ni wa Kongo, Burundi na Rwanda, ambako magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Kwa walioko Oman na Emirati, kuna magari mengi yaliyotoka minada ya Marekani, na wakala wa huko hana wajibu nayo. Uliza kwanza kama gari liliuzwa jipya katika soko la Ghuba.

Kabla sijatoa pesa, niombe nini?

Namba ya chasisi, uipeleke kwa wakala mwenyewe. Tarehe gari lilipoanza kutumika, kwa maandishi. Kijitabu cha waranti cha mwaka huohuo, kwa sababu masharti hubadilika mwaka hadi mwaka (kikiwa kimepotea, tovuti ya mtengenezaji inacho). Risiti za sevisi zote, hata zilizochafuka kwa oili. Nakala ya hati ya umiliki uone kama kuna alama ya bima. Kama kuna mkataba wa matengenezo, fomu ya kuuhamisha ijazwe palepale mkiwa wawili, kabla muuzaji hajahama mji au kubadilisha namba ya simu.